Mti Gani? Kisa cha Mrina Asali Aliyeitwa Darasani

"Babu, kwa nini mnaua miti?"

Aliyeuliza ni msichana wa Kidato cha Pili, kwa adabu zote, amesimama na mikono nyuma. Mzee alikuwa amekaa mbele ya darasa kwenye kiti cha plastiki, kofia mkononi. Akamtazama kidogo, kisha akamrudishia: "Mti gani, mjukuu wangu?"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikatabasamu, nikidhani mzee anakwepa, nikaharakisha kwenda kwenye swali la pili ili mgeni asiaibike. Dakika arobaini zikaisha. Wanafunzi wakapiga makofi ya kilo, mzee akapewa soda na nauli ya bodaboda, akaenda zake. Kwenye ripoti ya kazi niliandika kwamba mada imefundishwa kwa kumtumia mgeni mwalikwa na lengo limefikiwa.

Naandika kisa hiki kwa sababu lengo halikufikiwa, na ilinichukua miezi mitatu kugundua kwamba jibu la mzee ndilo lililokuwa kitu cha maana zaidi kilichosemwa darasani siku ile.

Shule na pori lake

Shule yetu ni ya kata, wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Nafundisha Biolojia. Ukivuka uwanja wa mpira na shamba la mahindi la shule umeshaingia porini, na pori hilo haliishi upesi. Wataalamu dunia nzima wanaliita miombo. Neno hilo limetoka kwenye lugha za Kibantu za ukanda huu, Kinyamwezi kikiwamo, na muyombo ni mti ambao vitabu vinauandika Brachystegia boehmii. Nimewahi kumwona mwalimu mwenzangu akiliandika ubaoni kwa herufi za mlazo, kama msamiati mgeni, wanafunzi wakilinakili bila mmoja wao kuambiwa kwamba hilo ni neno la bibi yake.

Mvua huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Wazazi wengi wanalima tumbaku na mahindi, na wengi kati ya hao wana mizinga porini. Asali na nta si biashara ya juzi Tabora. Nta ilikuwa ikisafirishwa kwenda nje tangu enzi za mkoloni, na mjini kuna chuo cha serikali cha ufugaji nyuki. Mtoto wa huku anakua akijua harufu ya nyumba iliyohifadhiwa ndoo za asali.

Mzee niliyemwita amevuka miaka sabini. Alianza kumfuata baba yake porini kabla hajajua kusoma. Mizinga yake ni ya magome na ya magogo. Anayo pia mitatu ya kisasa, ile ya mbao yenye viunzi, aliyopewa na mradi fulani uliokuja ukapita. Miwili imeingia nyuki. Wa tatu anahifadhia karanga.

Wazo la kumwita halikuwa la ajabu. Mabadiliko ya mtaala yaliyoanza kuingia madarasani Januari 2024 yanasisitiza umahiri badala ya kukariri, na kwenye semina zetu tulihimizwa kutumia watu na vitu vinavyotuzunguka. Wala si jipya hivyo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zinamfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa ya maana hutoka vitabuni na kwa waliosoma tu, na kwamba wanachokijua wazee kinadharauliwa. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo chuoni, nikaijibia mtihani, nikafaulu vizuri tu.

Alama mbili

Mwisho wa muhula nilitunga jaribio. Swali la nne lilimtaka mwanafunzi ataje hasara mbili ambazo mizinga ya asili huleta kwa mazingira. Alama mbili. Majibu niliyoyataka yalikuwa yale ya kwenye kitabu: kukata miti, na kusababisha moto wa porini.

Mjukuu wa mzee yule yumo darasani kwangu. Alijibu vizuri, akapata mbili kwa mbili. Jioni, kama watoto wote wanavyofanya wakipata alama, akaipeleka karatasi nyumbani na kuisoma kwa sauti, akimtafsiria babu yake swali kwa swali.

Wiki iliyofuata nikakutana na mzee gulioni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, nimesikia nimefeli."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

Nilichokifanya na neno "mti"

Usiku ule nilirudia kuyaangalia maandishi yangu ya siku ya ugeni. Sekondari yetu inafundisha kwa Kiingereza. Mzee alikuwa amezungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kinyamwezi, mimi nikiwa pembeni ya ubao nikigeuza. Alitaja mtundu. Alitaja muba. Alitaja muyombo na mninga. Alieleza upi unatoa gome lisilopasuka, upi hachuni mtu mwenye akili, upi unachanua kabla ya mvua na upi unachanua mvua ikiwa katikati. Kila mara alipotaja jina, mimi niliandika neno moja lile lile la Kiingereza, neno la mti. Mtundu, mti. Muba, mti. Muyombo, mti. Nilikuwa na haraka na kengele ilikuwa inakaribia.

Kwa hiyo msichana yule aliuliza alichokiona ubaoni. Mzee alipomrudishia "mti gani", alikuwa anarekebisha tafsiri yangu. Sisi tukacheka.

Nakaa sana kwenye jambo hili dogo kwa sababu naona ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tukizungumzia kuingiza maarifa ya wazee kwenye elimu ya mazingira, tunadhani kikwazo ni imani, mizimu, dawa za kienyeji, mambo ambayo sayansi haitayakubali. Siku ile hapakuwa na mzimu hata mmoja. Aliyekuja na maelezo ya kina ni mzee, na aliyeyakoroga yakawa uji ni mwalimu wa sayansi. Mtundu ni Brachystegia spiciformis, muba ni Julbernardia globiflora. Mzee alikuwa anaongea kwa kiwango cha spishi. Mimi nilikuwa naongea kama mtu anayeuza kuni.

Masharti

Sikuthubutu kumtumia mtoto kumwita tena. Nilikwenda mwenyewe, nikaongozana na mzee mwenzake mmoja anayeheshimika kijijini, tukakaa chini ya mwembe, tukaongea mvua, tumbaku na bei ya mbolea mpaka ilipofika saa ya kusema kilichotuleta. Nikasema nimekosa. Nikaomba atufundishe upya, pale anapotaka yeye.

Akasema darasani haji tena. "Pale hakuna cha kuonyesha. Mimi nikiuona mti ndiyo nakumbuka." Akatoa masharti, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu yalikuwa na mpango kuliko andalio langu la somo: wanafunzi wasizidi kumi na wawili, asije mtu aliyejipaka mafuta ya kunukia, mahali mizinga ilipo pasichorwe kwenye ramani yoyote, na ile dawa anayopaka ndani ya mzinga mtupu ili kuvuta nyuki isiulizwe.

Hilo la ramani lilinikwaza. Nilikuwa nimeshapanga wanafunzi wachore mchoro wa pori na kuweka alama. Akanieleza kwa upole kwamba asali inaibwa. Mchoro ukibandikwa ukutani shuleni, kufikia wiki ya pili kila mwenye ndoo anaujua. Nikaona aibu ya pili. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, unasema katika kifungu cha 8(j) kwamba maarifa ya jamii za wenyeji yaheshimiwe na yatumike kwa idhini ya wenye nayo, na faida igawanywe kwa haki. Ukikisoma mjini kinaonekana ni suala la kampuni kubwa za dawa za ng'ambo. Kijijini ni suala la mwalimu mwenye karatasi ya manila na kalamu ya rangi.

Alitaka pia wasichana wasije, kwa kuwa kurina ni kazi ya wanaume na hufanyika usiku. Hapo mimi ndiye niliyekataa. Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana twende mchana, bila kurina, nusu kwa nusu.

Jumamosi mbili za mwezi wa sita

"Mwangaluka," alitusalimia asubuhi, na wanafunzi ambao shuleni huzuiwa kuongea Kinyamwezi wakaitikia kwa furaha ya waliofunguliwa mlango. Mvulana mmoja alikuwa amejipulizia manukato. Mzee alimnusa akiwa bado mita tano, akamwambia atembee nyuma kabisa, na akae huko.

Kituo cha kwanza kilikuwa mzinga wa gome uliochakaa, umeanguka chini. Kabla ya kuueleza aliwaacha waushike. Ni gome la mti lililovuliwa zima likiwa duara, kama mkono wa shati, likafungwa kwa vijiti vilivyochongwa ncha, na pande mbili zimezibwa. Ndani mlikuwa bado na alama za masega, mistari myeusi iliyopangika. Msichana mmoja akapima kwa kidole na kusema nafasi kati ya mstari na mstari ni ile ile mwanzo hadi mwisho. Mzee akamwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi.

Akaeleza kwamba gome huvuliwa masika, mti ukiwa na maji. Kiangazi linang'ang'ania, ukilazimisha linapasuka. Akachukua kisu, akajaribu kwenye tawi dogo. Kweli, lilitoka vipande vipande. "Njooni mwezi wa kwanza muone."

Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha ziada ndani ya nyumba yake mwenyewe. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la seli hai zinazogawanyika, kambiamu, ambalo wakati wa mvua huwa na kazi nyingi na huwa laini, na ndiyo maana gome linateleza. Nimeifundisha kambiamu miaka tisa kwa mchoro wa duara tatu. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi aiguse, wala kwamba ina msimu.

Kisha tukafika kwenye swali lenyewe. Alitupeleka kwenye mti uliosimama umekauka, umevuliwa gome kiunoni mzunguko mzima. Chini yake hakuna kitu. Hatua kama thelathini mbele akatuonyesha kisiki kifupi, na kuzunguka kisiki fito saba au nane za kijani, nyingine zimenipita urefu.

"Huu nilivua gome nikaukata papo hapo, chini. Ule mwenyewe aliuvua akauacha umesimama. Mti ukiuacha umesimama hivyo, unajitafuna mpaka mizizi."

Twende taratibu hapa, maana ndipo palipo na sayansi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia mirija iliyo upande wa ndani wa gome. Ukiliondoa gome mzunguko mzima, njia hiyo imekatika. Maji bado yanapanda, kwa sababu mirija ya maji imo ndani ya mti, kwa hiyo majani yanaweza kubaki ya kijani muda mrefu, na mpita njia akadhani hakuna kilichoharibika. Lakini mizizi inaishi kwa akiba yake, haiongezewi, mpaka akiba inakwisha. Mti uliokatwa ni tofauti: mizizi imebaki na akiba ile, na miti mingi ya miombo ina tabia ya kuchipua kwa nguvu kutoka kwenye kisiki na mizizi. Watu wa misitu wanalijua hili kwa upande wao. Ukitaka kuua mti usichipue tena, kuuvua gome na kuuacha umesimama ni njia mojawapo wanayoitumia.

Kwa hiyo kitabu kilichosema mizinga ya magome inaua miti hakikudanganya. Mti ukivuliwa gome mzunguko mzima, sehemu ya juu itakufa. Lakini kilichobaki, kwamba kuna mti mzima unaokufa pamoja na mizizi yake na kuna mti unaokufa juu na kuendelea kuishi chini, na kwamba tofauti iko kwenye mkono wa mrinaji na kwenye aina ya mti, hakimo kitabuni. Kwenye swali langu la alama mbili hakingepata hata nusu.

Wanafunzi wakaomba wahesabu. Siku zile mbili tulipata miti kumi na minne iliyovuliwa gome miaka ya nyuma. Minane ilikuwa imekatwa, na kati yake saba ilikuwa na machipukizi. Sita ilikuwa imeachwa imesimama. Miwili tu ndiyo iliyochipua. Niliwaambia wazi kwamba miti kumi na minne haithibitishi kitu, kwamba hatujui umri wa kila kisiki, na kwamba aliyetuongoza kwenye miti hiyo ndiye mwenye hoja, kwa hiyo huenda bila kukusudia ametupitisha kwenye ile inayompendeza. Mzee alisikiliza. Akasema, "Basi Jumamosi ijayo waongoze wao." Na Jumamosi ya pili waliongoza wao.

Ndipo tukakikuta kile kisiki cha nane, kilichokatwa vizuri, chini, kama alivyofundisha, nacho ni kitupu. Alikuwa amesema muba hauna ubishi, lazima uchipue. Huu ulikuwa muba, na ni yeye aliyeukata. Akachuchumaa. Akachimba kidogo kwa ncha ya kisu, akavunja kipande cha mzizi, akakinusa. Sikuwahi kuona darasa langu likiwa kimya namna ile.

"Huu umenishinda," akasema. Kisha akagusa weusi pembeni ya kisiki. "Moto. Ule wa mwezi wa kumi."

Mvulana aliyekuwa amefukuzwa nyuma kwa manukato akauliza moto ule uliwashwa na nani. Mzee hakujibu haraka. Alisema mwingine ni wa wanaosafisha mashamba ya tumbaku, mwingine ni wa wachungaji wanaotaka majani mapya. "Na mwingine ni wetu. Mtu anarina na mwenge, unamdondoka, anakimbia nyuki, moto anauacha nyuma." Moto unaopita mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo, hupita chini na kwa upole. Ule wa Septemba na Oktoba hukuta kila kitu kimekauka na huua machipukizi. Hilo hata maofisa misitu wanalisema, na ndiyo sababu ya kuchoma mapema kwa mpango. Lakini mwanafunzi aliyelisikia kutoka kwa mrina asali anayekiri kosa la kundi lake atalikumbuka kuliko aliyelisoma kwenye orodha ya hasara.

Harufu ya ndizi, na mfalme

Mzinga wenye nyuki alituonyesha mmoja tu, tukiwa mbali. Tulikuwa tumesimama dakika kadhaa mlio ulipobadilika. Akanyanyua kichwa. "Mnasikia ndizi? Rudini nyuma, msikimbie." Wapo walioapa kwamba walisikia harufu ile, mimi nilisikia hofu tu. Tukarudi nyuma.

Darasani Jumatatu nikawaeleza: nyuki akichoma au akihamaki hutoa kemikali ya kuwaita wenzake, na sehemu yake kubwa ni isoamili asetati, ile ile inayozipa ndizi mbivu harufu yake. Moshi huifunika harufu hiyo na pia huwafanya nyuki washibe asali, ndiyo maana wanatulia. Kipindi kile sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Lakini si kila alichosema mzee kilisimama. Njiani alikuwa ametueleza habari za mfalme wa nyuki, anavyolindwa, na namna kundi linavyomfuata akihama. Wanafunzi wawili wakaanza kuchekea kiganjani, maana wanajua ni malkia. Niliwasimamisha, si kwa kusema mzee yuko sahihi, maana hayuko. Niliwaambia kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye aliandika mfalme, na wasomi wengi wa Ulaya wakaendelea kusema mfalme karibu miaka elfu mbili, mpaka Mholanzi Jan Swammerdam, karne ya 17, alipompasua akaona mayai. Mzee alifurahi sana kusikia alikuwa pamoja na wasomi kwa muda mrefu hivyo. Kisha akauliza yule Mholanzi alitumia kisu gani kwa mdudu mdogo kiasi kile, na nikaona kwamba aliuliza swali la vifaa vya utafiti, swali ambalo katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

Bibi na uyoga

Sehemu hii sikuipanga. Tuliporudi kwa mzee kunywa maji, mkewe, aliyekuwa akituangalia tangu asubuhi, aliwauliza wasichana: "Mbona miti mnamuuliza yeye tu?"

Yeye huokota uyoga. Masika wanawake wa huku wanaupanga barabarani kwenye sahani na ndoo, na kwa nyumba nyingi ni mboga ya msimu na pesa ya daftari. Akaanza kutaja: huu unaota chini ya mtundu, huu hauoti mpaka pawe na muba, huu unafuata kichuguu na hauhitaji mti wowote. Akasema palipokatwa mitundu yote kwa ajili ya mabani ya tumbaku, yale mabanda ya kukaushia majani yake kwa moto wa kuni, uyoga wa mtundu ulikoma, na hata mvua ikinyesha vizuri hauji.

Nilipata ubaridi kidogo mgongoni. Miti mikuu ya miombo huishi kwa ushirika na fangasi walioizunguka mizizi yake. Fangasi huipa miti madini na maji, miti huwapa sukari. Uyoga tunaoula mwingi ni tunda la fangasi hao. Mti ukiondoka, mwenzake hana pa kula. Na ule wa vichuguuni hautegemei mizizi kwa sababu hulimwa na mchwa wenyewe. Bibi alikuwa ametenganisha makundi mawili ya kiikolojia kwa sahani mbili za mboga.

Hapo nilifanya uamuzi ambao baadhi ya wenzangu waliuona wa woga. Sikuruhusu wanafunzi waende kuokota uyoga kama kazi ya darasa. Kuna jamii za uyoga porini humu ambazo zina ndugu wanaoua, na kosa la mwanafunzi mmoja halirekebishwi kwa kalamu nyekundu. Bibi alikubaliana nami haraka kuliko walimu: alisema yeye mwenyewe alitembea na mama yake masika mengi kabla ya kuruhusiwa kuweka uyoga kwenye ndoo peke yake. Tukaandika miti na majina. Kuokota tukamwachia yeye.

Ningekuwa nimefuata sharti la kwanza la mzee kuhusu wasichana, sidhani kama bibi angefungua kinywa.

Ofisi ya taaluma

Kulikuwa na upinzani na haukuwa wa kipuuzi. Mwenzangu wa taaluma aliniuliza mambo mawili: Je, haya yatatoka kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani? Na vipindi vilivyoliwa vitafidiwa lini? La kwanza nilijibu kwamba hayatatoka kwa majina hayo, lakini mirija ya mti, kambiamu, fangasi na mizizi, na tabia za wadudu yatatoka, na sasa wanafunzi wana pa kuyashika. La pili sikuwa na jibu zuri. Nilifidia kwa Jumamosi zangu, jambo ambalo siwezi kumshauri mwalimu mwenye watoto wadogo.

Pia aliniambia niangalie nisije nikageuka msemaji wa mizinga ya magome. Ana haki. Mzinga wa gogo hudumu zaidi, na wa kisasa hauhitaji kuvua mti hai. Hata mzee mwenyewe anasema idadi ya warinaji ikiongezeka na pori likipungua, gome halitoshi. Lakini wakati wa kuhesabu, wanafunzi waliona kitu ambacho hakikuwa kwenye maswali yangu: njia nzima ya kwenda porini, visiki vilivyokatwa kwa ajili ya mabani ya tumbaku vilikuwa vingi kiasi kwamba waliacha kuvihesabu. Mmoja akauliza kwa nini jaribio liliuliza hasara za mizinga na halikuuliza hasara za tumbaku. Baba yake analima tumbaku. Na wangu pia alilima. Ada yangu ilitoka huko.

Jirani zetu Shinyanga walilipitia somo hili la mizizi kwa ukubwa zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, nguvu nyingi zilikwenda kwenye miche na vitalu. Mambo yalibadilika wataalamu walipougeukia utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, wa kufungia eneo la malisho lipumzike, mizizi iliyomo ichipue yenyewe. Mwaka 2002 kazi ile ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Ni mizizi ile ile na akiba ile ile iliyokuwa chini ya kisiki cha mzee.

Mahali tulipo

Swali la nne nimelifuta. La sasa linawapa wanafunzi michoro miwili, mti uliovuliwa gome na kuachwa na mti uliovuliwa na kukatwa, na kuwataka waeleze kitakachotokea mizizini na kwa nini. Alama sita. Mjukuu wa mzee alipata nne. Alisahau kueleza maji.

Daftari la majina, lenye safu ya Kinyamwezi, ya Kiswahili na ya Kilatini, halikai shuleni. Liko kwa mzee, kwenye sanduku lenye karatasi za kiwanja. Mwanafunzi akilihitaji huenda kulisoma pale pale, na bibi humwangalia asiling'oe ukurasa. Nilitaka nakala moja ya maktaba. Tumekubaliana nakala itolewe bila kurasa tatu, na kurasa hizo ni zipi waliamua wao wawili, wakabishana jioni nzima.

Mwezi wa tisa tulitundika mizinga mitatu mwisho wa eneo la shule: wa gome, wa gogo, na wa kisasa uliokuwa na karanga. Wanafunzi wanaikagua kila Ijumaa. Wa gogo uliingia nyuki wiki ya tatu. Wa kisasa ukafuata mwezi wa kumi na moja, kwa mshangao wa kila mtu. Wa gome, alioutengeneza mzee kwa mkono wake na kuupaka ile dawa isiyoulizwa, bado ni mtupu. Yeye anasema tumeutundika karibu mno na njia ya kisimani. Msichana aliyepima nafasi za masega kwa kidole anasema umeelekea upande wa jua la mchana. Maelezo yote mawili yameandikwa, na wamekubaliana kuuhamisha kabla muba haujachanua.